Jinsi ya Kukagua Vyombo vya Maji na Kuzuia Mbu wa Dengue katika Mitaa ya Lamu

Katika nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, birika la chooni, yaani tangi la maji la kujengwa, lilijengwa pamoja na ulinzi wake. Waashi walizika bakuli la kauri katika sakafu ya birika, na visamaki wakatiwa majini. Maji yalipopungua, samaki walijikusanya katika bakuli na kuendelea kuishi humo, wakila viluwiluwi wa mbu, hadi birika lilipojazwa tena. Wageni wanaotembezwa katika nyumba hizo huonyeshwa bakuli hilo kama pambo, ilhali lilikuwa chombo cha kazi, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mbinu za busara zaidi za kuzuia mbu wa nyumbani zilizowahi kubuniwa katika pwani yetu. Siku hizi, katika nyumba nyingi, kazi ya birika imechukuliwa na pipa la plastiki, tangi jeusi la darini na mitungi ya lita 20, navyo havina samaki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wahudumu wa afya ya jamii, walimu, vijana na kamati za mitaa wanaotaka kufanya kwa daftari na macho yao kazi iliyofanywa na samaki wale: kutafuta vyombo anamozaliana mbu wa dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, kuwahesabu viluwiluwi, kuwaondoa, kisha kurudi. Sehemu kubwa inahusu kuhesabu, kwa sababu hapo ndipo niliposhuhudia makosa mengi, yakiwemo yangu mwenyewe.

Mbu anayetafutwa

Mbu mkuu wa dengue huitwa Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, mwenye mistari myeupe miguuni na alama nyeupe mgongoni iliyojipinda. Huuma mchana, hasa asubuhi mapema na alasiri kuelekea magharibi, kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho kimetusaidia sana dhidi ya malaria, hakimkingi mtu aliyekaa darazani (kibarazani mlangoni) akinywa kahawa. Jike huuma kwa wasiwasi, akifukuzwa huhamia kwa mtu mwingine, na kwa njia hiyo mbu mmoja mwenye virusi anaweza kuwaambukiza watu kadhaa wa nyumba moja kwa siku chache.

Hazai kinamasini wala baharini. Hutaga mayai yake mojamoja kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hunata pale na kuweza kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa. Maji yakipanda yakayafunika, huanguliwa. Katika joto letu, safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku 7 hadi 10. Mambo hayo mawili, yaani yai linalostahimili ukavu na mzunguko wa wiki moja hivi, ndiyo yanayoamua kila hatua itakayoelezwa hapa chini.

Inafaa pia kujua kwamba pwani ya Kenya imewafundisha wanasayansi mengi kuhusu mbu huyu. Huko Rabai, katika kaunti ya Kilifi, watafiti wa miaka ya 1970 walikuta aina mbili zikiishi karibu karibu: moja ya msituni, nyeusi zaidi, inayozaliana katika mashimo ya miti na kupendelea wanyama, na nyingine ya nyumbani, inayozaliana katika mitungi ya maji na kupendelea damu ya binadamu. Mbu wa nyumbani ametufuata kwa sababu ya maji tunayoyahifadhi.

Kwa nini Lamu

Homa ya dengue husababishwa na virusi vya aina nne. Aliyepona aina moja hupata kinga ya muda mrefu dhidi ya aina hiyo tu, na akiambukizwa baadaye na aina nyingine, hatari ya kuugua vibaya huongezeka. Ugonjwa huu si mgeni pwani. Mwaka 1982 ulizuka Malindi na Kilifi, na virusi vilivyotambuliwa vilikuwa vya aina ya pili. Mwaka 2013 Mombasa ilipata mlipuko ambamo aina ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilionekana.

Kisiwa cha Lamu kina kumbukumbu kali zaidi, ingawa ya ugonjwa ndugu. Mwaka 2004 chikungunya, ambayo huenezwa na mbu huyu huyu, iliingia kisiwani, na vipimo vya damu vilivyofanywa baada ya mlipuko vilionyesha kwamba takriban watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa ukashuka hadi Mombasa, na mwaka uliofuata ukafika Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na mafuriko, bali na ukame na joto lisilo la kawaida. Maji yalipokuwa haba, watu waliyahifadhi zaidi nyumbani na kuyabadilisha kwa nadra, na vyombo vikawa vitalu vya mbu. Kwa hiyo anayesubiri mvua za mwaka ndipo aanze kukagua amechelewa. Kaskazi kavu, mabomba yanapotoa upepo na kila ndoo inapotunzwa kama dhahabu, ni msimu wa kazi pia.

(Wazee waliita homa ya namna hii kidinga popo, au kidinga pepo kama lilivyoandikwa zamani, na jina hilo lilitajwa Unguja katika milipuko ya 1823 na 1870. Kuna wataalamu wanaoamini kwamba ile ilikuwa chikungunya wala si dengue. Ubishi huo wenyewe unaonyesha jinsi magonjwa haya mawili yanavyofanana kwa macho.)

Kabla ya kubisha hodi

Anza kwa mzee wa mtaa, afisa wa afya ya umma na imamu wa msikiti wa karibu, na uwaeleze wote watatu jambo lile lile kwa maneno yale yale. Taja waziwazi kwamba hamtachukua damu, hamtapiga picha za ndani ya nyumba na hamtamtoza mtu faini. Ikiwa kuna anayekusudia kuchukua damu au kuchapisha matokeo kama utafiti, huo ni mlango mwingine: atahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), na kamati ya mtaa isikubali kutumiwa kama njia ya kukwepa hayo.

Kikundi cha wawili wawili kinatosha, mradi katika kila jozi kuwe na mwanamke. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya ramani ya nyumba zenyewe. Mgeni wa kiume hukaribishwa darazani, pengine hadi kiwandani, yaani uani, lakini choo chenye birika kiko ndani, nyuma ya misana (kumbi ndefu za kukaa), mahali ambapo si heshima kwa mwanamume wa nje kupita. Jozi ya wanaume wawili itakagua vyungu vya maua vya kiwandani, itaandika kwamba nyumba ni safi na kuondoka, huku chombo kikubwa kuliko vyote hakijaonwa. Nimewahi kusoma daftari la namna hiyo lililojaa sufuri, na nilipouliza ni mabirika mangapi yaliyofunuliwa, jibu lilikuwa kimya.

Vifaa si vya gharama: tochi yenye mwanga mkali, bakuli jeupe, kata, kichujio cha chai chenye mpini, bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kunyonya viluwiluwi, vichupa vichache vyenye vifuniko, chaki, daftari na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa maana daftari litalowa. Chora ramani ya mtaa kwa mkono, vichochoro vyote, na upe kila nyumba namba. Namba hiyo ndiyo itakayotumika daftarini badala ya jina la mwenye nyumba.

Mtaa mmoja kwa wakati mmoja unatosha. Mbu huyu haendi mbali, na kwa kawaida maisha yake yote hayavuki mita 400 kutoka alipozaliwa, hivyo mbu wa Langoni kwa sehemu kubwa ni wa Langoni. Yanayosafiri ni mayai, yakiwa yamenata ndani ya mapipa, matairi na vyombo vya baharini. Kwa sababu hiyo mtaa unaopakana na bahari uhesabu pia mashua zilizopandishwa pwani kukalafatiwa, ambazo hujaa maji ya mvua na kusahauliwa.

Ukaguzi wenyewe

Panda darini kwanza, kisha ushuke. Juu ndiko kwenye tangi lenye kifuniko kilichopasuka na milizamu iliyoziba kwa majani na kinyesi cha kunguru, na ndiko wakaguzi hufika mwisho wakiwa wamechoka, au wasifike kabisa. Baada ya dari, pita vyumbani hadi chooni, kisha kiwandani, kisha tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) na darazani, na umalizie nje ukutani. Ukifuata njia ile ile katika kila nyumba hutaruka chombo.

Andika kila chombo chenye maji, chenye viluwiluwi na kisicho nao, maana bila hesabu ya vyombo visafi hesabu ya vyombo vichafu haina maana. Kwa kila kimoja andika aina yake (birika, pipa, tangi, mtungi, ndoo, chungu cha maua, bakuli la kuku, kifuu cha nazi, tairi, trei iliyo nyuma ya friji), kama kimefunikwa, kama maji yake yalitoka bombani, kisimani au mvuani, na lini kilisuguliwa mara ya mwisho. Kubalianeni mapema kuhusu maana ya maneno. Katika ukaguzi wangu wa kwanza mmoja wetu aliandika mitungi sita iliyopangwa pamoja kuwa chombo kimoja, na mwenzake akaandika vyombo sita, na ilitubidi kurudia mtaa mzima.

Usiliguse pipa kabla hujalitazama. Viluwiluwi hukimbilia chini wakihisi kivuli au mtikisiko, hivyo simama kando, subiri kidogo, kisha washa tochi kwa mshazari. Chombo kidogo kimwage chote katika kichujio juu ya bakuli jeupe. Kwa pipa au tangi, zungusha kichujio karibu na ukuta, kisha katikati, idadi ile ile ya mara katika kila nyumba. Sisi hufanya mara tano. Kipimo hiki hakitawatoa wote, lakini kikifanywa sawasawa kila mara kitaweza kulinganishwa.

Viluwiluwi si wa aina moja. Wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vinavyoelea, na ni nadra kuwapata katika vyombo vya nyumbani. Wale wa mbu wa kawaida wa usiku, wanaozaliana katika maji machafu ya mashimo ya vyoo, huning'inia kichwa chini kutoka kwenye bomba refu na jembamba la kupumulia. Wa mbu wa dengue pia huning'inia kichwa chini, lakini bomba lao ni fupi na nene, na hujinyonganyonga kama nyoka wanaposhuka. Kama huna uhakika, mtie mmoja katika kichupa chenye maji yale yale, funika kwa kitambaa cha wavu, na umsubiri awe mbu. Mistari myeupe ya miguu itamaliza shaka. Kichupa hicho kiwe na namba ya nyumba na ya chombo, na kisiachwe bila kufunikwa hata usiku mmoja.

Pamoja na viluwiluwi, hesabu pupa. Pupa ana umbo la mkato wa maandishi, hali chochote, na baada ya siku mbili hivi huruka. Viluwiluwi wengi hufa kabla ya kufika hapo, kwa hiyo chombo chenye mamia ya viluwiluwi na pupa mmoja kinaweza kuwa na madhara machache kuliko pipa tulivu lenye pupa 30. Kazi ya kuhesabu pupa inachosha, na wakaguzi huiruka, nami naona hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Kuzisoma namba

Vipimo vitatu hutumika duniani kote. Tuseme mmekagua nyumba 50 zenye vyombo 240 vya maji, mkapata viluwiluwi wa dengue katika vyombo 18, navyo vimo katika nyumba 10. Kiwango cha nyumba ni 10 kwa 50, yaani asilimia 20. Kiwango cha vyombo ni 18 kwa 240, yaani asilimia 7.5. Kipimo cha tatu, kinachoitwa cha Breteau, ni idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, ambayo hapa ni 36. Ongezeni cha nne, ambacho mimi hukitazama kwanza: pupa kwa kila mkazi. Ikiwa nyumba hizo zina watu 250 na mmepata pupa 90, ni 0.36 kwa mtu. Na ikiwa 63 kati ya hao 90 walitoka katika mapipa matatu ya darini, basi kazi ya wiki ijayo imejulikana bila mjadala.

Hapa ndipo utafiti wa dengue unapokwama, na mkaguzi aujue ukweli huo asije akautangazia mtaa usalama usiokuwepo. Viwango vya hatari vilivyozoeleka, kama vile kusema kwamba Breteau chini ya 5 ni salama, vilirithiwa kutoka katika mapambano dhidi ya homa ya manjano, na uhusiano wake na wagonjwa wa dengue ni dhaifu. Singapore ilishusha kiwango chake cha nyumba kutoka karibu asilimia 50 katika miaka ya 1960 hadi takriban asilimia 2, na hata hivyo dengue ilirudi kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu, pamoja na mengine, kizazi kilichokua bila kuumwa hakikuwa na kinga, na mbu wachache walitosha. Kwa hiyo tumieni namba kulinganisha mtaa na mtaa huo huo wiki baada ya wiki, na kuchagua chombo cha kushughulikiwa kwanza, wala msizitumie kuthibitisha kwamba ugonjwa hautakuja.

Kuondoa

Chombo kisicho na kazi kipinduliwe, kitobolewe au kitupwe siku hiyo hiyo, mbele ya mkaguzi. Chombo chenye kazi kimwagwe, kisuguliwe, kioshwe na kijazwe upya kila baada ya siku zisizozidi saba. Neno lenye uzito ni kusugua. Mwaka mmoja tuliwahimiza watu wamwage maji tu, wakatii, na mapipa yakakaa matupu wiki mbili juani. Mvua ya kwanza ilipoyajaza, viluwiluwi walionekana karibu mara moja, kwa sababu mayai yalikuwa bado yamenata ukutani. Makumbi ya nazi yanafaa zaidi kuliko kitambaa, hasa yakitumiwa na mchanga kidogo na sabuni, na msuguaji apande hadi juu ya mstari wa maji. Maji ya kuoshea yamwagwe mchangani, yasimwagwe katika chombo kingine.

Tulichagua Alhamisi kuwa siku ya kusugua, kwa sababu nyumba nyingi hufanyiwa usafi siku hiyo kwa ajili ya Ijumaa, na kazi ikaingia katika mazoea yaliyokuwepo. Mtaa mwingine uchague siku yake. Kinachotakiwa ni siku moja isiyobadilika.

Maji yakiwa haba, kumwambia mama wa nyumba amwage pipa la lita 200 alilolinunua mtungi kwa mtungi ni kumkosea adabu. Kwa huyo zipo njia nyingine. Moja ni kufunika kwa kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa mpira pande zote, kwa maana kifuniko cha bati kilichowekwa juu juu huacha mwanya unaomtosha mbu. Nyingine ni kuyachuja maji kwa nguo katika ndoo, kulisugua pipa na kuyarudisha. Tangi lisilofikika linaweza kutiwa dawa ya kuua viluwiluwi, ikiwemo ile ya bakteria iitwayo Bti, ambayo haimdhuru binadamu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu dawa kadhaa katika maji ya kunywa kwa vipimo maalumu, na ni afisa wa afya ya umma wa kuzitoa na kuzipima, si mwenye duka. Mwenye birika la asili na aliyebahatika kuwa na visamaki wa kienyeji awarudishe, ila asilete samaki wa kigeni watakaotoroka hadi mabwawani.

Kuhusu mashine ya kupuliza moshi wa dawa, watu huipenda kwa sababu inaonekana na kusikika. Huua mbu wanaoruka saa ile, haifiki nyuma ya kabati wanakopumzika, na haigusi mayai. Ina nafasi yake wakati wa mlipuko, lakini mtaa unaoisubiri utasubiri huku mapipa yakizaa.

Mtego wa mayai

Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, mtego hupeleleza kwa niaba yenu. Chukua kopo, lipake rangi nyeusi, litoboe tundu karibu na ukingo ili mvua isilijaze, tia maji hadi theluthi mbili, na uzungushie ndani ukanda wa kitambaa cheupe kisichopakwa dawa, nusu ndani ya maji na nusu juu. Liweke kivulini, karibu na ardhi, mahali ambapo kuku na watoto hawataliangusha. Kila wiki toa ukanda, hesabu kwa kioo cha kukuzia mayai meusi yaliyotandaa kama punje za baruti, uchome ukanda huo, usugue kopo na uweke ukanda mpya. Mtego usiobadilishwa kwa zaidi ya siku saba si mtego tena, ni kitalu. Kama hamna mtu wa kuushughulikia bila kukosa, msiuweke.

Kuiandika homa

Kuhesabu mbu bila kuhesabu homa ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni ngumu zaidi. Watu wengi wanaoambukizwa dengue, takriban watatu kati ya wanne, hawaonyeshi dalili yoyote, na wanaougua hudhaniwa kuwa na malaria, hununua dawa na kubaki nyumbani. Muhudumu aandike kila mwenye homa ya ghafla pamoja na tarehe ilipoanza, namba ya nyumba, kama kichwa au nyuma ya macho kunauma, kama ana upele, kama viungo vimevimba (jambo linaloelekeza zaidi kwenye chikungunya), na jibu la kipimo cha malaria. Homa mbili au tatu zisizo na malaria katika kichochoro kimoja ndani ya wiki moja ni habari ya kupelekwa kwa afisa wa afya siku hiyo hiyo.

Tarehe ya kuanza homa ndiyo iandikwe kwa uangalifu kuliko yote. Katika siku tano za mwanzo maabara hutafuta virusi vyenyewe au protini yake; baadaye hutafuta kingamwili, ambazo zinaweza kuchanganywa na za virusi vya jamaa yake, kama vile Zika na virusi vya homa ya manjano. Sampuli isiyo na tarehe humwacha mtaalamu akibahatisha.

Mgonjwa apewe parasetamoli kwa kipimo na vinywaji kwa wingi, maji ya madafu yakiwemo, na asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu. Alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa kuwa katika siku za homa mbu anayemuuma hubeba virusi kwenda kwa jirani. Familia iambiwe kwamba wakati wa kuogopa zaidi ni homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu katika fizi, pua au choo, ubaridi wa ngozi, kuhema haraka au kutotulia ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri boti ya asubuhi.

Daftari hilo la homa lina kazi nyingine inayosahaulika. Chanjo ya kwanza ya dengue, Dengvaxia, ilianza kuidhinishwa mwaka 2015, na miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba watoto ambao hawakuwahi kuambukizwa kabla ya kuchanjwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa. Chanjo ya pili, Qdenga, ilipata idhini ya awali ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, na shirika hilo linaipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 mahali ambapo maambukizi ni makubwa. Huko Yogyakarta, Indonesia, kuwaachia mbu wenye bakteria ya Wolbachia, inayozuia virusi vya dengue kukua ndani ya mbu, kulipunguza wagonjwa wa dengue kwa asilimia 77. Yote hayo ni maamuzi ya serikali na taasisi, lakini kila moja huanza na swali la kama dengue imeenea mahali fulani na kwa kiasi gani, nalo haliwezi kujibiwa kwa mtaa ambao homa zake zote zimeandikwa malaria.

Nyumba zilizofungwa

Limebaki tatizo ambalo Lamu inalo kuliko miji mingi. Nyumba nyingi za Shela na za mji wa kale ni za watu wanaoishi Nairobi au ng'ambo, na hufungwa kwa miezi. Ndani yake mna matangi, mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa na maji kidogo, na vyoo visivyomwagwa maji. Mkaguzi akiandika kwamba nyumba ni safi kwa sababu hakuitikiwa hodi, ameuharibu mtaa mzima. Andika kwamba imefungwa, mtafute mlinzi au msimamizi, uombe siku moja ya kila wiki, na ukikataliwa mara tatu umkabidhi afisa wa afya ya umma namba ya nyumba hiyo. Sheria inampa uwezo ambao kamati ya mtaa haina. Katika hesabu, nyumba zilizofungwa zitolewe katika idadi ya nyumba zilizokaguliwa na ziandikwe kando, ili msomaji ajue namba zenu zinaongelea nyumba zipi.

Daftari liandikwe nakala mbili kila mwisho wa mwezi. Moja ikae kwa afisa wa afya, nyingine kwa kamati, katika kopo la bati lenye kifuniko, mbali na chumvi ya bahari na mchwa, na ikabidhiwe kwa maandishi kila kamati inapobadilika.